Maumivu ya Uso Yanayopiga kama Shoti ya Umeme: Mwongozo wa Kuyatambua na Kuyatibu

Mgonjwa anayelalamikia maumivu makali ya upande mmoja wa uso, na ambaye meno yake yakigongwa moja moja hakuna linalomuuma, asing'olewe jino siku hiyo. Naanza na katazo hili kwa sababu, katika miaka niliyokaa kwenye chumba cha kuonea wagonjwa hapa Tanga, wengi wa wenye ugonjwa huu wamenifikia wakiwa na mapengo. Shangazi yangu mwenyewe, mkazi wa Ngamiani, alipoteza magego mawili ya juu katika kliniki moja ya meno kabla hajatokea mtu wa kumwuliza maumivu yake hudumu kwa muda gani. Angeulizwa, angejibu kwamba hayamalizi hata muda wa kuvuta pumzi tatu.

Ugonjwa wenyewe huitwa neuralgia ya trijemina, na katika faili la hospitali mara nyingi utaukuta umeandikwa kwa herufi mbili tu, TN. Si ugonjwa wa kila siku, kwani wanaoupata upya kwa mwaka hukadiriwa kuwa kati ya 4 na 13 katika kila watu 100,000, na huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wanawake kuliko wanaume. Uchache huo ndio unaoufanya usahaulike. Mwongozo huu nimewakusudia kwanza mgonjwa na jamaa zake, kisha matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ambao ndio humwona mgonjwa mapema kabla hajazunguka.

Hatua ya kwanza: ijue neva inayouma

Hisia za uso hubebwa na neva mbili za trijemina, moja kila upande, na kila moja hugawanyika matawi matatu. Tawi la juu huhudumia paji la uso na jicho. La kati huhudumia shavu, ubavu wa pua, mdomo wa juu na meno ya juu. La chini huhudumia taya, kidevu, mdomo wa chini na meno ya chini. Ugonjwa hushika mara nyingi tawi la kati au la chini, au yote mawili kwa pamoja, na ni nadra kushika tawi la juu peke yake. Hapo ndipo yanapoanzia makosa ya meno: neva inaumia karibu na ubongo, lakini mgonjwa huyahisi maumivu ndani ya gego.

Kwa wagonjwa wengi chanzo ni ateri, mara nyingi ile ya juu ya serebela (ubongo wa nyuma), iliyolala juu ya neva pale inapoingia kwenye shina la ubongo na kuisugua kwa kila pigo la moyo. Msuguano huo huchubua utando wa mafuta unaoizunguka neva. Fundi umeme yeyote ataelewa kinachofuata: waya uliochunika ganda hugusana na mwenzake, na ujumbe mdogo wa mguso wa shavu huruka na kupokelewa kama ujumbe wa maumivu. Kwa takriban wagonjwa 15 kati ya 100 kuna sababu nyingine, yaani uvimbe unaoisukuma neva, au maltipo sklerosisi, ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia utando wa neva na ambao kwetu ni nadra.

Huu si ugonjwa wa kupooza uso. Mdomo ukienda upande na jicho likakataa kufumba, iliyoathirika ni neva nyingine kabisa, na matibabu yake ni mengine.

Hatua ya pili: yasikilize na uyaandike maumivu

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu, na hata picha haiuthibitishi peke yake. Unathibitishwa na maelezo ya mgonjwa. Kwa hiyo, kabla ya nauli ya kwenda popote, nunua daftari dogo na uandike kwa siku saba: maumivu yalianza saa ngapi, yalidumu kiasi gani, yalikuwa wapi, na dakika ile ulikuwa ukifanya nini.

Neno analolichagua mgonjwa lina uzito kuliko watu wanavyodhani, na Kiswahili kimetupa msamiati wa kutosha wa kutofautisha. Jino lililooza hadi kwenye kiini hupwita. Huwanga usiku kucha na kumnyima mtu usingizi. Uwazi wa pua uliojaa usaha hulemea na kuvuta, hasa mtu anapoinama. Neuralgia ya trijemina haipwiti wala hailemei, bali hupiga. Wagonjwa husema "imenipiga shoti", "kama nimechomwa sindano ya moto", "kama radi imepita kwenye taya". Mgonjwa akisema jino linawanga, nami nikamwandikia kwamba linapiga kwa sababu ndilo jibu nililokuwa nikilingoja, nimekwisha kumpoteza. Mwache aseme kwa neno lake, uliandike lilivyo.

Pigo moja hudumu chini ya sekunde moja, au sekunde kadhaa, na halizidi dakika 2. Mapigo yanaweza kufuatana kwa makumi katika siku, na baada ya mfululizo huja kipindi kifupi ambacho hata ukigusa shavu halipigi. Baadhi ya wagonjwa hubaki na maumivu ya chini chini kati ya pigo na pigo, jambo ambalo halifuti utambuzi ila hufanya tiba iwe ngumu zaidi. Usiku wengi wao hulala vizuri.

Jambo la pili la kuandika ni kichochezi. Pigo huletwa na kitu kisichostahili kuumiza: kunawa uso, kupiga mswaki, kutafuna, kuongea, kunyoa ndevu, kujipaka poda, upepo. Hapa kwetu nimesikia zaidi habari za udhu wa alfajiri, hasa kusukutua na kupaliza maji puani, na za upepo wa bahari ukiwa umekaa mbele kwenye bajaji. Mwingine aliacha tambuu aliyoizoea kwa miaka mingi. Mwulize pia mgonjwa akuonyeshe panapouma, kisha utazame kidole chake: mwenye jino bovu hulishika na kulibonyeza, lakini mwenye neuralgia kidole chake husimama hewani karibu na shavu bila kuligusa. Mimi huiamini ishara hiyo kuliko dodoso zima.

La tatu, ambalo daftari pekee hulifichua, ni kwamba ugonjwa huu huondoka wenyewe kwa wiki au miezi kisha hurudi, na kwa kawaida hurudi kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana. Tabia hii imewapa sifa wengi wasiostahili. Jino liking'olewa siku mbili kabla ya maumivu kutulia, jino ndilo lililolaumiwa. Chale zikichanjwa, mwenye chale huchukua shukrani, na aliyesema ni kijicho cha jirani huonekana alisema kweli. Sina ugomvi na anayetaka kusomewa dua, kwani dua haing'oi jino wala haizuii dawa. Ninachoomba ni kwamba tarehe ziandikwe, ili nafuu ya miezi mitatu isihesabiwe kuwa ni kupona.

Hatua ya tatu: ondoa magonjwa yanayofanana nayo

Daktari wa meno anastahili kumwona mgonjwa, na kutembelewa kwake si kosa. Kosa ni kung'oa bila ushahidi. Agonge kila jino, ajaribu baridi, atafute ufa, apige picha ya mzizi. Akikuta tundu au usaha, autibu. Asipokuta kitu, aandike hivyo kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hiyo ni hazina kwa tabibu atakayefuata.

Kisha tabibu apime uso kwa uzi wa pamba katika maeneo yote matatu, kulia na kushoto, agusishe ncha ya pamba kwenye mboni ili aone kama jicho linapepesa, amwambie mgonjwa aume meno ili ahisi misuli ya taya, na apime usikivu wa masikio yote mawili. Katika neuralgia ya kawaida vipimo hivi hutoka vizuri, au karibu vizuri. Shavu likiwa na ganzi, sikio la upande huo likiwa limefifia, misuli ya taya ikiwa imelegea, mgonjwa akiona vitu viwili viwili, maumivu yakiwa pande zote mbili, au mgonjwa akiwa hajafika miaka 40, tafuta uvimbe au sababu nyingine kwa haraka zaidi.

Uliza kuhusu mkanda wa jeshi, kwani malengelenge yakiisha kupona huweza kuacha maumivu ya kuunguza yasiyokatika, na kwa kijana aliyeupata usoni ni vyema kupima virusi vya UKIMWI. Maumivu yanayopiga kooni na ndani ya sikio mtu anapomeza yana neva yake nyingine. Kiungo cha taya kinachouma hulia na kukwama mdomo unapofunguliwa.

Lipo moja lisilongoja kesho. Mtu aliyezidi miaka 50, ambaye ngozi ya kichwa inamuuma akichana nywele, taya zinachoka anapotafuna, na kuona kwake kunafifia, huenda ateri zake za kichwa zimevimba kwa mchochota, na anaweza kupofuka ndani ya siku chache. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo ili aanzishiwe dawa za steroidi.

Hatua ya nne: vipimo, na kikomo chake

MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayofaa. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta uvimbe na maltipo sklerosisi. Ya pili ni kuonyesha kama ateri inaikandamiza neva, jambo litakalohitajika iwapo upasuaji utafikiriwa. Msomaji wa ripoti asiruke kwa furaha akiona maneno kwamba ateri inagusa neva, kwa sababu watu wengi wasioumwa chochote wana mguso kama huo. CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, huweza kuonyesha uvimbe mkubwa, lakini neva yenyewe haionyeshi vizuri.

Tiba haingoji picha. Mgonjwa anayeishi Pangani au milimani Lushoto, ambaye atahitaji majuma kadhaa kukusanya fedha na kupata rufaa, aanze dawa mara utambuzi unapofanywa kwa maelezo na upimaji, mradi hana dalili za hatari nilizozitaja. Kabla ya kuanza, apimwe picha kamili ya damu, ini, figo na sodiamu (chumvi iliyomo katika damu), ili mabadiliko yatakayotokea baadaye yawe na kitu cha kulinganishwa nacho.

Hatua ya tano: kabamazepini, kwa subira na kwa mpango

Diklofenaki, panadol na hata tramadoli hazifui dafu mbele ya ugonjwa huu, na mgonjwa anayezimeza kwa wingi hupata vidonda vya tumbo juu ya maumivu yake. Dawa ya kwanza ni kabamazepini, ambayo Blom wa Sweden aliripoti manufaa yake kwa ugonjwa huu mwaka 1962. Wafamasia wetu wanaifahamu kwa kuwa hutumika kutibu kifafa. Waelezeeni jamaa mapema, maana nimeona mume akimtupia mkewe vidonge dirishani kwa kudhani ameandikiwa kifafa asichonacho.

Kwa mtu mzima huanzwa miligramu 100 mara mbili kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha kawaida cha miligramu 200 asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Mzee dhaifu aanze na nusu moja usiku. Kidonge kinachotoa dawa polepole kina masharti yake, kwa hiyo mwulize mfamasia kabla ya kukivunja au kukitafuna. Kila baada ya siku tatu au zaidi tabibu huongeza miligramu 100 hadi 200, akisimama pale maumivu yanapokoma au madhara yanapozidi. Wengi hutulia kati ya miligramu 400 na 800 kwa siku, na kwa kawaida haivukwi 1,200. Dawa hii humezwa kila siku kwa saa zake, iwe panauma au hapaumi. Anayeingoja shoti ndipo ameze, hatapata kitu, kwa maana shoti itakuwa imekwisha kabla kidonge hakijafika tumboni.

Nafuu huonekana ndani ya siku chache kwa walio wengi. Mgonjwa aliyepandishwa hadi dozi ya kutosha na asipate nafuu hata kidogo amenipa sababu ya kurudi hatua ya pili na kuuliza upya. Akikaa wiki nyingi bila pigo hata moja, dozi inaweza kupunguzwa polepole ili kuona kama ugonjwa umepumzika. Asiache ghafla.

Madhara ya mwanzo ni usingizi, kizunguzungu, kichefuchefu na kuyumba. Hupungua mtu anapoizoea dawa, lakini bodaboda asiendeshe na mvuvi asiingie baharini peke yake katika siku hizo. Sodiamu hushuka kwa baadhi ya wazee na kuwaletea kuchanganyikiwa. Homa, koo lenye vidonda au michubuko isiyo na sababu vinataka kipimo cha damu. Upele ukitoka, hasa ukiambatana na homa au vidonda vya mdomoni na machoni, dawa isimamishwe na mgonjwa aende hospitali mara moja, kwani ngozi inaweza kuchubuka mwili mzima na kuua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa baadhi ya watu wenye asili ya Asia wanaobeba kijenetiki kiitwacho HLA-B*1502. Imethibitika zaidi kwa Wachina na watu wa Asia ya Kusini Mashariki, lakini familia zetu zenye asili ya Kihindi nazo zinafaa kumkumbusha tabibu.

Nakaa kidogo kwenye mwingiliano wa dawa, kwa sababu ndipo mgonjwa wa pwani huumia bila kujua. Kabamazepini huliharakisha ini katika kuvunja dawa nyingine. Hupunguza nguvu za vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, hivyo mwanamke azungumze na muuguzi kuhusu kitanzi. Anayetaka kubeba mimba, au aliye mjamzito, aseme kabla, kwani dawa huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Anayetumia dolutegravir, dawa ya kudhibiti virusi vya UKIMWI, awaambie CTC (kliniki ya tiba ya virusi hivyo), maana huhitaji kupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dawa mseto ya malaria, ALu, hupungua katika damu. Mtu asikatae kutibiwa malaria, bali amwambie tabibu anachomeza ili achaguliwe dawa inayofaa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu upya. Kinyume chake, antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini huipandisha kabamazepini hadi mtu akayumba kama mlevi. Balungi nalo huipandisha. Machungwa matamu ya Muheza hayana neno, kuleni.

Kabamazepini ikishindwa kuvumilika, okskabazepini hufanana nayo na huwa nyepesi kidogo, ingawa hushusha sodiamu zaidi. Lamotrijini, baklofeni, gabapentini na pregabalini huongezwa au huchukua nafasi yake kwa uamuzi wa tabibu. Mgonjwa aliyefika mahali hali wala hanywi kwa kuogopa pigo si wa kutibiwa nyumbani. Hospitalini hupewa maji ya mshipa, na huweza kudungwa lignokaini (dawa ya ganzi) karibu na sehemu inayochochea, au fenitoini kwa mshipa, ili apate mwanya wa kumeza dawa zake.

Hatua ya sita: siku zinapita vipi

Chakula kiwe laini na vuguvugu: uji, wali bokoboko, samaki aliyechambuliwa ndani ya mchuzi wa nazi. Kashata na mkate mkavu vingoje. Maji ya kunywa yapitie mrija upande usiouma. Mtandio au barakoa husaidia kuzuia upepo, na kwenye basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300, usikae dirishani, hata kama kondakta atakuona una madeko. Kuhusu udhu, maji ya vuguvugu yaliyomiminwa polepole huwatosha wengi. Anayeshindwa kabisa aende kwa shekhe wake amwulize kuhusu tayamamu, akieleza pia kwamba kupangusa vumbi usoni nako kunaweza kumchochea.

Meno yanayoogopwa kupigwa mswaki huoza kweli. Yasafishwe katika kile kipindi kifupi baada ya mfululizo wa mapigo, au saa moja mbili baada ya dawa.

Jamaa wamchunguze mgonjwa anayenyamaza. Kukaa kimya kwake mwanzoni ni kwa sababu kuongea kunauma, lakini ukimya unaoendelea hata dawa inapofanya kazi, kukonda, na maneno ya kuchoka kuishi, vinahitaji kuulizwa waziwazi na kupelekwa kwa tabibu.

Hatua ya saba: rufaa na upasuaji

Dawa zikishindwa, au zikimlevya mtu hata asiweze kazi, upasuaji uzungumzwe mapema badala ya kumngoja achakae. Kutoka vituo vya chini njia hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, kisha kwa madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, ambao kwa wagonjwa wa Tanga mara nyingi ni wale wa Taasisi ya Mifupa (MOI), Muhimbili. Beba daftari, ripoti ya daktari wa meno, majina na dozi za dawa zote ulizowahi kupewa, na picha yenyewe pamoja na ripoti yake.

Upasuaji unaoshughulikia chanzo ni ule uliosimikwa na Peter Jannetta wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960: tundu dogo hufunguliwa nyuma ya sikio, ateri huinuliwa, na kipande kidogo cha teflon huwekwa kati yake na neva. Katika hospitali zenye uzoefu, baada ya miaka 10 takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huwa bado hawana maumivu. Lakini ni kufungua fuvu, na hatari zake ni pamoja na kupungua kwa usikivu wa sikio la upande huo, kuvuja kwa maji ya ubongo na, mara chache, kiharusi au kifo. Mtu asiyeweza kuhimili hayo huweza kupitishiwa sindano shavuni hadi kwenye fundo la neva, ambako neva huunguzwa kwa joto, hudungwa gliseroli au hubanwa kwa puto dogo. Nafuu huja upesi, ila ganzi ni ya kawaida na maumivu hurudi baada ya miaka kadhaa. Mionzi inayolengwa kwenye mzizi wa neva haihitaji kisu, nayo huchukua majuma hadi miezi kufanya kazi.

Baada ya njia yoyote kati ya hizi, kabamazepini haiachwi siku ya kutoka wodini. Hupunguzwa kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Na aliyepata ganzi inayofika jichoni ajue kwamba jicho hilo halitamwambia tena likiingiwa na mchanga. Alitazame kwenye kioo kila jioni, avae miwani anapopanda bodaboda, na akiliona limekuwa jekundu, hata kama haliumi, aende kliniki ya macho kesho yake asubuhi.